Tumbo la Kushoto

Mashua ilikuwa haijaona ziwa hata kwa mbali, lakini Jumatatu hiyo asubuhi tumbo lake la kushoto lilikutwa limejaa maji.

Quinton, fundi aliyeiunda, alidhani ni mvua. Akatazama juu, turubai liko sawa. Akatazama chini, vumbi tupu la Busia, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Akafungua kizibo cha nyuma na maji yakatoka, yakatoka, yakatoka mpaka kuku wa jirani wakaja mbio kunywa. Walisogeza midomo, wakasimama, wakarudi kinyumenyume. Na hao ni kuku ambao nimeona wakinywa maji ya betri. Harufu iliyobaki pale chini ilikuwa ya ziwani kabisa: tope, majani yaliyooza, na omena, wale dagaa wadogo.

Kutoka hapo mpaka ziwani ni safari ya gari, tena gari zuri.

Mashua yenyewe ndiyo ile wanaita katamarani. Ina matumbo mawili marefu ya faiba, plastiki ngumu ya kuundia mashua, yaliyounganishwa na jukwaa kwa juu, na mota mbili nyuma, kila tumbo na yake. Mwenyewe alikuwa Ojiambo, Msamia wa Sio Port aliyehamia Busia mjini kuuza spea za malori. Alitaka kubeba maharusi na watu wa kupiga picha ziwani, na Jumamosi ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuishusha majini. Iliundwa nyuma ya duka lake, karibu na foleni ya matreila yanayongoja kuingia Uganda, kwa hivyo madereva walikuwa wanashuka kuja kuicheka.

"Bosi, hawa pacha umezaa na nani?"

"Na mamako," Ojiambo alijibu, na wote wakacheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana tangu kaka yake afe. Hilo watu walikuwa wameliona, hawakulisema tu mbele yake.

Kaka yake aliitwa Oundo. Miaka miwili nyuma hao ndugu wawili waliingia ziwani kwa mashua ya mbao ya Oundo kwenda kutega nyavu, na akarudi Ojiambo peke yake. Akasema wimbi. Wavuvi walitafuta siku tisa, hawakupata hata shati.

Sasa, kwa Wasamia mtu aliyepotelea majini hazikwi hivi hivi. Hukatwa tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu, likavishwa shati lake, likalazwa kwenye jeneza badala yake. Lakini kwanza tunda lipelekwe majini. Yule aliyekuwa wa mwisho na marehemu hulichukua mpaka pale pale alipozama, akalichovya, akamwita kwa jina, akasema kwa mdomo wake ilivyokuwa. Hapo marehemu huingia kwenye tunda, akarudi nalo nyumbani kwake. Kazi hiyo ilikuwa ya Ojiambo. Naye akalikata tunda kwenye mti wa kando ya barabara kule Bukhayo, akalitupa nyuma ya gari, akalileta msibani na vumbi lake. Akasema ametoka nalo ziwani. Nani angemwuliza mtu mwenye macho mekundu ya kilio?

Roselida, mjane wa Oundo, alilizika tunda hilo kwa heshima zote. Na toka siku hiyo, kila akiamka, upande wa mumewe kitandani ulikuwa na unyevu. Alianika godoro. Akanunua lingine. Akahama chumba. Unyevu ukamfuata.

"Nimezika tunda," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kisimani. "Mume wangu sijamzika. Bado yuko huko nje, anataka kuingia." Hakuwa na ombi lingine duniani ila Oundo arudi nyumbani apumzike. Walimwambia ni uchungu, utaisha.

Jumanne maji yalikuwa yamerudi kwenye tumbo. Jumatano pia. Alhamisi, saa nne ya asubuhi, jua linawaka na malori yananguruma, Quinton aliingia dukani akiwa ameshika brashi, rangi inadondoka sakafuni.

"Mzee, kuja kidogo."

"Nini? Si unaona niko na kastoma?"

Quinton akainama akamnong'oneza. "Kuna mtu anagonga ndani ya mashua."

"Ni panya."

"Panya hagongi mara tatu akanyamaza, mzee. Huyu anagonga tatu. Ananyamaza. Ni kama anangoja kitu. Halafu tatu tena."

Yule kastoma, mama mmoja wa Matayos ambaye hana siri hata ya jina lake, ndiye aliyesimulia kwamba uso wa Ojiambo ulitoka rangi ukawa kama unga wa muhogo. Kwa maana Sio Port nzima ilijua kugonga huko. Oundo alipokuwa upande wa nyavu, na mikono imejaa, alikuwa anagonga ubao wa mashua mara tatu kumwambia mwenzake: vuta.

Walitoka nje. Quinton akapunguza sauti tena.

"Mimi nilikuambia hatungetumia hizo mbao."

"Nyamaza."

"Mashua ya mtu aliyekufa inalazwa kifudifudi kwake mpaka ioze. Wewe ukaniambia niifunike na faiba. Nikafunika. Hii tumbo la kushoto ndani ni mashua ya kaka yako, mzee. Hata ukipaka rangi."

"Nimekuambia nyamaza!"

"Basi angalia hapa."

Kwenye ukingo wa tumbo la kushoto, juu ya faiba mpya, juu ya rangi nyeupe iliyopakwa mara tatu, palikuwa na alama nne. Zilikuwa zimekaa sambamba, kila moja nyembamba kama kidole. Quinton alizijua, alikuwa amezikuta kwenye mbao za chini, zimekatwa kama na makali ya kasia, na alizifukia yeye mwenyewe. Sasa zilikuwa zimepanda, zimepita kwenye faiba na rangi, na zilikuwa na maji.

"Paka tena," Ojiambo alisema, na safari hii hakucheka.

Watu wa mtaa walikuwa wameshasema ni jini. Maalim mmoja aliitwa, akasoma, akafukiza ubani. Moshi wa ubani ukaenda vizuri upande wa kulia, ukifika kushoto unakatika kama umefungiwa mlango. Maalim akaacha soda yake katikati akaenda zake.

Wilkister, mke wa Ojiambo, ndiye aliyekata shauri. Ijumaa alimdanganya mumewe kwamba anaenda kununua kitenge, akapanda gari mpaka Malaba, kwa mwaguzi wa Kiteso aitwaye Amuge. Mama huyo anakaa nyuma ya uwanja wa malori, nyumba yake ina mlango wa bluu, na hapendi kuzungushwa. Alimsikiliza Wilkister mpaka mwisho, huku akichambua punje za wimbi kwenye ungo.

"Hilo si jini la kufukuza," akasema. "Huyo ni mtu anangoja kuchukuliwa. Nani alipeleka tunda kwa maji?"

"Mume wangu."

"Ulimwona?"

Wilkister akalikumbuka gari. Aliyeosha gari siku ile alikuwa ni yeye. Aliosha vumbi la Bukhayo, na hakukuwa na tone la maji wala tope la ziwani.

"Tunda lilikuwa kavu, mama," akasema mwishowe, na kilio kikamshika. "Lilikuwa kavu."

Amuge akaacha ungo. "Basi mpeleke lingine kwa ile maji, na yule wa mwisho aseme ukweli kwa mdomo yake. Akichukuliwa, huyo mtu ataenda kwake alale. Akiachwa, atajichukulia mwenyewe anachotaka. Na wewe, binti, usikanyage hiyo mashua."

Wilkister hakuweza kumwambia mumewe. Alimwogopa. Akaenda kwa Roselida.

Alimkuta akimenya muhogo nje ya jikoni. Akamwambia yote, la tunda kavu, la mbao alizoambiwa na Quinton kuwa zimefichwa kwenye faiba, la kugonga, na la zile alama nne. Roselida hakulia. Aliendelea kumenya, kisu kinateleza polepole, mpaka muhogo ukaisha na akawa anamenya kidole chake mwenyewe bila kujua.

"Alama nne," akasema. "Ziko upande gani wa mashua?"

"Kushoto, kwa ukingo. Pale mtu anaweza kushika akiwa majini."

"Asante, dada. Nenda nyumbani. Usimwambie kitu."

Jumamosi mashua ilipakiwa kwenye lori. Ilipita Nangina, ikapita Funyula, na pale Funyula watu walitoka madukani kuitazama, ikawa vicheko na kupiga simu. Kisha mama mmoja wa nyanya akaangalia barabara, akaacha kucheka. Nyuma ya lori, upande wa kushoto tu, kulikuwa na mstari wa maji juu ya lami, haukukatika, umetoka Busia umekuja, na jua la saa tano halikuukausha.

Sio Port kulikuwa na kwaya, na jogoo, na sufuria tatu za pilau. Kule mashua mpya hupokelewa kama bibi harusi. Mwanamke wa nyumba ndiye hukanyaga kwanza, akinyunyiza unga, ndipo wanaume wapande. Bila hivyo hakuna mvuvi atakayekuahidi kwamba utarudi. Ojiambo akamwita mkewe mbele ya watu wote.

"Mama, panda."

"Tumbo linaniuma," Wilkister alijibu.

"Usiniaibishe. Panda."

"Haki ya Mungu sipandi. Nipige hapa hapa."

Watu wakaguna. Kwaya ikakosea wimbo. Hapo Roselida akatokea katikati ya umati, amevaa nguo yake ya kanisani, amebeba kikapu kizito kilichofunikwa leso.

"Nitakanyaga mimi, shemeji," akasema kwa sauti tamu. "Si ni mashua ya nyumbani?"

Ojiambo angekataa vipi, mbele ya kanisa na pilau? Roselida akanyunyiza unga, akapanda kwa upande wa kushoto, na mguu wake ulipogusa, tumbo lile lilishuka kidogo likainuka, vile vile mashua ya mumewe ilivyokuwa ikimpokea alipokuwa bibi harusi mwenyewe. Akaushika ukingo asianguke. Wengine walidhani ni woga.

Walitoka watatu, Ojiambo kwenye usukani, Quinton kwenye mota, na Roselida na kikapu chake. Jaketi za kuelea zilikuwa mpya, bado kwenye plastiki. "Mimi nimezaliwa kwa maji," Ojiambo alisema, akazitupa pembeni karibu na kasia la dharura. Ziwa lilikuwa limelala kama kioo. Pwani walipiga vigelegele, mota zikanguruma pamoja, mashua ikakata maji vizuri ajabu, na kwa dakika kumi Ojiambo akawa mtu mwenye furaha.

Kisha mota ya kushoto ikazima.

Haikukohoa. Ilinyamaza tu. Mashua ikaanza kukunja kushoto, jambo la kawaida kama mota moja inasukuma, kwa hivyo Quinton akazima ya kulia pia, atengeneze. Mashua haikusimama. Iliendelea kuzunguka bila mota, bila upepo, taratibu, kushoto, kushoto, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, na kila mzunguko ulikuwa mdogo kuliko uliopita, mpaka Ojiambo akaitazama pwani, akatazama kilima cha Samia, akapima kwa jicho kama wavuvi wanavyopima, akajua ni wapi wamefungwa.

"Tuko wapi, shemeji?" Roselida akamwuliza.

"Sijui."

Ndani ya tumbo la kushoto, chini ya miguu yao, pakagongwa. Mara tatu.

"Tuko wapi?"

"Hapa... hapa ndipo wimbi lilimchukua."

Pakagongwa tena, na upande wa kushoto ukazama kiasi cha kiganja, maji yakapanda mpaka kwenye zile alama nne, na harufu ikatoka, ile ya tope na majani yaliyooza, na ndani yake kitu kingine alichokitambua Roselida peke yake, tumbaku ya kunusa aliyokuwa akiitumia mumewe, na jua lote lile la saa saba likawa halina joto, na Quinton akaanza kusali kwa sauti ndogo kama mtoto anayeogopa kuamsha watu.

"Sema ilivyokuwa," Roselida akasema. "Si kwangu. Kwake."

"Ni wimbi! Mara ngapi nitasema?"

Tatu. Upande ukazama tena, jaketi moja ikateleza ikaenda na maji, na Ojiambo akashika usukani kwa mikono yote miwili akaanza kusema, mwanzo kwa kunong'ona, halafu haraka haraka, maneno yanagongana mdomoni, kwamba walikuwa wamegombana kwa sababu ya ile shamba ya ufuoni ambayo Oundo alikataa kuuza, kwamba hakumsukuma, wallahi hakumsukuma, Oundo aliteleza mwenyewe akivuta wavu, akazama akaibuka, akashika ukingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akagonga, mara tatu, vuta, ndugu yangu, vuta, na yeye Ojiambo alikuwa ameshika kasia, na kasia lilikuwa mkononi tu, na hakuna aliyekuwa akiwaona.

"Ulimpiga wapi?"

"Kwa vidole."

"Mara ngapi?"

"Nne," Ojiambo akasema. "Aliachilia mara ya nne."

Mashua ikainuka, ikakaa sawa. Walisikia hata kwaya ya pwani, mbali, bado wanaimba.

Roselida akafunua leso. Ndani ya kikapu mlikuwa na tunda la mwegea, limevishwa shati la Oundo, limefungwa kamba. Akalishusha majini kwa mikono miwili kama anayeogesha mtoto.

"Oundo. Baba Collins. Umesikia amesema. Kuja sasa twende nyumbani."

Kamba ikakaza. Quinton akaishika, akaizungusha mkononi, akajizuia kwa mguu, kwani kitu kilichokuwa kikipanda hakikuwa tena tunda la kilo saba. Kilikuwa na uzito wa mwanaume mzima.

"Siwezi peke yangu! Mzee, vuta!"

Na Ojiambo, labda kwa kuzoea tu, labda kwa kutaka iishe, akainama upande wa kushoto akanyoosha mkono. Quinton anaapa mpaka leo kwamba aliona. Kabla mkono haujafika kwenye kamba, ngozi ya kifundo chake cha mkono ilibonyea mahali panne, kama inayoshikwa. Ojiambo akaenda kichwa chini. Hakupiga hata yowe.

Ghafla tunda likawa jepesi kidogo, likapanda, lakini Quinton hakuthubutu kuachilia kamba wala kugeuka. Nyuma yake, upande wa kulia, alisikia mtu akiibuka akikohoa. Alisikia mkono ukishika ukingo.

Alisikia kugongwa. Mara tatu.

"Shemeji," sauti ya Ojiambo ikasema, imejaa maji. "Roselida. Vuta."

Alisikia nguo ya Roselida ikipita, na kasia likiinuliwa kutoka sakafuni. Halafu akahesabu, si kwamba alitaka kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Palikuwa na kimya kirefu hapo, kirefu mno, mpaka akafikiri pengine mama amemhurumia.

Nne.

Roselida akarudi akaketi, akalipokea tunda lenye maji akalilaza mapajani, akalifunika na leso.

"Ni wimbi," akasema.

Ziwa lilikuwa kama kioo. Quinton akaivuta kamba ya mota ya kushoto na ikawaka mara ya kwanza.

Oundo alizikwa upya Jumanne, na Jumatano Roselida akaamka kwenye kitanda kikavu pande zote. Ojiambo walimtafuta siku tisa. Hawakupata hata shati. Ikabidi lipatikane tunda, na kazi ikamwangukia yule aliyekuwa naye mwisho. Roselida akasema hakuna shida, shemeji ni shemeji. Alilileta siku ya mazishi limefungwa shuka nyeupe, na Wilkister alipolipokea mikono yake ikabaki na vumbi jekundu, lile la Bukhayo. Wanawake wawili hao wakatazamana juu ya jeneza. Kisha Wilkister akajifuta mikono kwenye nguo yake nyeusi, akaimba wimbo wa kuzika.

Mashua ilirudishwa Busia ikangoje mnunuzi. Wiki iliyopita Quinton alikwenda kuipangusa. Akafungua kizibo cha tumbo la kushoto: kavu, na ilinukia mbao safi. Akafurahi. Akaenda upande wa kulia, ule mpya, wa faiba tupu, ambao haukuwahi kubeba mashua ya mtu yeyote. Kuku walikuwa wamesimama mbali. Alikuwa hajagusa kizibo, maji yanavuja pembeni yake, alipogongewa kutoka ndani.

Alirukia bodaboda mpaka kwa Roselida, akaingia mbio, akamkuta uani anakunywa chai na Wilkister, wameegemea ukuta kama mtu na dadake.

"Mama, tumbo la kulia," alisema, pumzi haitoshi. "Kuna maji. Anagonga. Tumchukulie tunda, mama, anaomba kuvutwa."

Roselida akapuliza chai yake.

"Wacha ijae," akasema.

Na Wilkister akamsogezea Quinton kikombe.